Mpango wa Magara Uandikwe Magara

Katikati ya mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa Rumonge, uliozaliwa Machi 2015 kwa kumegwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, ukafutika baada ya miaka kumi tu. Rumonge sasa ni tarafa ndani ya mkoa wa Burunga. Kwa mama anayeanika ndagala, wale samaki wadogo, huko Magara kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, siku ya mabadiliko hayo haikutofautiana sana na ya jana yake. Lakini shirika dogo la hisani lenye mpango mkakati wa miaka mitano, jina la mkoa likiwa limechapwa kwenye jalada, lilijikuta limebadilishiwa mambo mengi kwa mpigo: ofisi ya kupelekea ripoti, kiongozi wa kusaini barua, mpango wa maendeleo wa tarafa ambao lilikuwa limejifunga nao, hata takwimu lilizotumia kuhesabu watu wake.

Mashirika ya aina hii yamejaa mwambao mzima wa ziwa. Kuna vikundi vya wajane, vyama vya wavuvi, jumuiya za misikiti na parokia zinazolea yatima, na vijana wanaopanda miti kwenye miteremko. Yaliyosajiliwa yanajulikana kwa wote kama ASBL, yaani mashirika yasiyo ya faida, na tangu Januari 2017 yana sheria yao. Na kila yanapobisha hodi kwa mfadhili hupewa jibu lilelile: leteni mpango mkakati. Hapo anatafutwa mshauri mwelekezi kutoka Bujumbura. Anakuja, anakaa siku chache, anaondoka, na baadaye anatuma kitabu cha Kifaransa chenye dira, dhamira, viashiria na majedwali. Nakala moja huenda kwa mfadhili, nyingine hubaki kabatini. Wanachama wengi hawajakifungua, na wangekifungua wasingekielewa.

Utaratibu huo unayadhulumu mashirika madogo, na wakati umefika wa kuukataa. Mpango mkakati ni uamuzi kabla ya kuwa maandishi. Ni kukubaliana shirika litafanya nini, litaacha nini, na nani ataulizwa mambo yakienda kombo. Mgeni anaweza kusaidia kuuliza maswali na kupanga majibu, lakini hawezi kuamua kwa niaba ya watu watakaobaki na matokeo.

Magara yenyewe inaonyesha kwa nini. Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya taifa namba 3, ziwa linakaa kulia na mlima kushoto, na mahali pengi katikati pana nafasi ya barabara, safu ya nyumba na michikichi michache. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha udongo huko Muhuta, jirani kabisa na Magara. Nyumba zilifukiwa na familia zikahamishwa. Miaka iliyofuata ziwa nalo likaanza kupanda. Hadi kufikia 2024 maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za ufukweni Gatumba, Kibenga na Rumonge, na Aprili mwaka huo serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa kimataifa. Sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Sasa mtu achukue kamba, aanze kupima kutoka majini kwenda mlimani. Atakuta kwamba ardhi halali ya kujenga na ardhi salama ya kujenga ni vipande vidogo sana, na mahali pengine havikutani.

Shirika linaloandika kwamba katika mwaka wa tatu litajenga kituo cha yatima, bila kuandika kitajengwa wapi na kwa hati ya nani, halijapanga bado. Mwenyeji anajua ni bonde gani lilibeba udongo mara ya mwisho na ni mtaro upi unafurika kwanza. Ujuzi huo ndio unaopaswa kuwa kwenye ukurasa wa pili wa mpango, lakini mara nyingi nafasi yake hujazwa na aya kuhusu mabadiliko ya tabianchi duniani ambazo zingefaa nchi yoyote.

Suala la ardhi lina kina zaidi ya mvua. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko machafuko ya Aprili 1972 yalikoanzia, na mauaji yaliyofuata yaliwapeleka maelfu kwa maelfu ya watu Tanzania, wengi wakaishia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi yalichukuliwa na wengine. Waliporejea kwa wingi, hasa mwaka 2008 na 2009, walikuta watu waliozaliwa na kukulia juu ya ardhi hiyo. Tume ya ardhi na mali, CNTB, iliundwa 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na kazi yake haikuwahi kuwa nyepesi. Kwa hiyo mradi wa bustani ya jamii au wa michikichi bora kwa wajane, hata ukiwa na nia njema kiasi gani, unaanza na swali moja: hapa ni pa nani? Mpango usiojibu swali hilo unaweza kuwasha ugomvi ambao shirika halina uwezo wa kuuzima. Ni heri kuandika kwa uwazi kwamba hatutagusa kilimo mpaka wazee wa kilima na familia zilizorejea wakae pamoja. Sentensi kama hiyo ina thamani kuliko jedwali zima la viashiria.

Mwambao huu una mifano yake ya kujifunzia, na wa kwanza unahusu ndagala.

Kwa miaka mingi samaki hao walianikwa juu ya mchanga. Walikanyagwa, walichanganyika na taka, kuku na ndege walidonoa, na mvua ikinyesha ghafla sehemu ya mzigo ilioza. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha kazi ndogo katika Mvugo, upande wa Nyanza-Lac: vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi na kubaki safi, na mvua ikija mama huwafunika palepale. Wenyeji walionyeshwa jinsi ya kujenga vichanja hivyo kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Hadi 2013 waanikaji wadogo waliotumia njia hiyo walikuwa wameongezeka kutoka 500 hadi kama 2,000, na kilo ya ndagala wakavu iliyouzwa faranga 4,000 ilikuwa imefika 9,000. Bei za vitu vingine nazo zilipanda katika miaka hiyo, kwa hiyo ongezeko lote lisihesabiwe kuwa kazi ya kichanja. Hata hivyo, muhimu ni kwamba msaada wa nje ulipopungua watu waliendelea kujenga vichanja vyao wenyewe.

Kazi hiyo ilishughulikia hasara moja, mahali pamoja, kwa kifaa ambacho mwanamke anaweza kukitengeneza upya kikivunjika. Haikuahidi kumaliza umaskini wa Nyanza-Lac nzima. Mashirika mengi madogo yanaogopa kuandika lengo jembamba kiasi hicho kwa kudhani mfadhili atalidharau. Matokeo yake shirika lenye wanachama thelathini na pikipiki moja linaandika kwamba litashughulikia afya, elimu, mazingira, jinsia, amani, vijana na ujasiriamali. Mwaka wa pili halina hata moja la kuonyesha.

Mfano wa pili uko juu kidogo, katika vilima vya Vyanda vinavyolitazama ziwa, mahali paitwapo Kigutu. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari vita vilipomkimbiza Burundi. Alifika New York mwaka 1994 akiwa na dola 200, akalala Central Park, akabeba mizigo ya duka la vyakula, baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Columbia na kufanya kazi na Partners In Health, shirika la daktari Paul Farmer. Aliporudi nyumbani na wazo la zahanati, kikwazo cha kwanza kilikuwa barabara ya kilomita 6 isiyopitika. Kampuni ya Kibelgiji ya ujenzi ilikadiria kuitengeneza kwa dola 50,000, fedha ambazo hazikuwapo. Mwanamke mmoja, mtoto akilia mgongoni, ndiye aliyewaambia waliokuwapo kwamba kampuni isilipwe hata senti, kazi wataifanya wenyewe. Zaidi ya watu mia moja wakajitokeza na majembe na mapanga. Barabara ikapatikana, na zahanati ya shirika la Village Health Works ikafunguliwa mwishoni mwa 2007.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi ili kumsifu Deo, na sifa anazistahili. Lakini kwa anayeandika mpango, somo lake liko kwenye hesabu. Makadirio ya mwanzo yalikuwa na mstari wa dola 50,000. Mkutano mmoja ulioruhusu mama wa kijijini kusema uliufuta mstari huo na kuweka mahali pake nguvu kazi ambayo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameihesabu. Mipango inayoandikwa ofisini huorodhesha mahitaji ya jamii kurasa kumi na michango ya jamii mistari miwili. Jembe, shamba, mtumbwi, siku za kazi, chumba cha msikiti au cha parokia, maarifa ya mkunga wa jadi: hivi vyote ni mtaji, na vinapaswa kuandikwa kwa idadi kama fedha zinavyoandikwa.

Kusini zaidi kwenye mwambao huohuo, ng'ambo ya mpaka upande wa Kigoma, kuna funzo la namna yake. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaona vilima vinavyozunguka hifadhi vimebaki uchi. Taasisi yake ilipoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 katika vijiji 12, lengo lilikuwa kurudisha miti na kuwaokoa sokwe. Watanzania waliotumwa vijijini walianza kwa kusikiliza, na wanakijiji walitaja afya, elimu na chakula zaidi shambani. Mradi ukaanzia hapo. Mikopo midogo kwa wanawake na huduma za uzazi wa mpango zikaingia kwenye kazi ya shirika lililojulikana duniani kwa sokwe, na imani iliyojengwa ndiyo iliyofungua njia ya vijiji kutenga misitu yao. Shirika kubwa lenye jina lilikubali kubadilisha mpangilio wa mpango wake kwa sababu ya majibu ya watu. La Magara lina sababu gani ya kuogopa kuuliza?

Kuuliza nako kuna wakati wake. Uvuvi wa ndagala ni wa usiku, kwa taa, na mwezi mpevu unapong'aa mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Mkutano wa wavuvi ukiitwa asubuhi ya giza la mwezi utapata watu wanaosinzia au hautapata mtu. Ukiitwa juma la mbalamwezi utajaa. Nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimekubaliana pia kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Ni miezi ya njaa kwa familia inayotegemea wavu, na mtu mwenye njaa hawezi kulipa ada wala hisa. Mpango unaotaka akiba za kikundi zipande sawasawa kila mwezi umeandikwa na mtu asiyeijua kalenda ya hapa.

Akiba zenyewe zimepata mtikisiko. Mtindo wa kuweka na kukopeshana kwa sanduku, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na kuueneza hadi Burundi, ndio benki ya wengi vilimani na ufukweni. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyobadilishwa rasmi kwa takriban faranga 2,100 ikafika karibu 2,900. Mwezi uliofuata, Juni 7, ilitangaza kwamba noti za zamani za 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na wenye nazo wakapewa siku kumi kuzipeleka benki. Kwa kikundi chenye sanduku la funguo tatu kijijini, siku kumi ni chache mno. Mpango mzuri wa fedha kwa shirika la hapa unaeleza mambo ya kawaida kabisa: fedha zinakaa wapi, nani anaweza kuzitoa, bajeti inapitiwa upya bei zikipanda kiasi gani, na kazi ipi inaendelea mafuta ya gari yasipopatikana. Hili la mwisho si dogo katika nchi ambayo foleni za petroli zimekuwa sehemu ya maisha.

Halafu kuna mfadhili mwenyewe. Oktoba 2018 serikali ya Burundi ilisimamisha mashirika mengi ya kigeni kwa miezi mitatu mpaka yatimize masharti ya sheria mpya, na baadhi yakachagua kuondoka. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Kote Afrika Mashariki kazi zilizokuwa kwenye mipango ya miaka mitano zilisimama ndani ya wiki chache. Hakuna shirika dogo linaloweza kuzuia maamuzi ya Washington au ya Bujumbura. Linachoweza ni kuamua mapema, likiwa bado na utulivu, kazi gani itabaki endapo fedha za nje zitakwisha zote. Orodha hiyo fupi ndiyo shirika lenyewe. Mengine ni miradi.

Marguerite Barankitse aliijua orodha yake bila kuandikiwa. Oktoba 1993 aliwaokoa watoto 25 katika mauaji ya Ruyigi, na kutoka hapo ikazaliwa Maison Shalom, iliyokuja kuwa na nyumba za watoto, shule na hospitali ya REMA iliyofunguliwa 2008. Mwaka 2015 alilazimika kuikimbia nchi, na majengo yote akayaacha nyuma. Akaanza tena Rwanda, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, kwa lengo lilelile la kumrudishia kijana heshima na elimu. Majengo yangekuwa ndiyo kiini cha shirika, lingeishia mpakani.

Wapo watakaosema kwamba mfadhili anataka karatasi zake na bila karatasi hizo hakuna kitu. Ni kweli, na hakuna anayeshauri shirika lijinyime. Lakini mfuatano ugeuzwe. Kwanza wanachama wakae, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, lugha inayosikika Rumonge kuanzia bandarini hadi sokoni, waandike kurasa tano au sita ambazo katibu anaweza kuzisoma kwa sauti mkutanoni na wote wakaelewa. Humo yawemo majina ya waliokabidhiwa kila kazi, na yawemo pia yale shirika limeamua kutoyafanya. Baada ya hapo ndipo mtaalamu alipwe kugeuza kurasa hizo kuwa kitabu cha Kifaransa chenye majedwali. Mabishano yakizuka, zile kurasa sita ndizo zifuatwe. Hili liandikwe kwenye katiba ya shirika.

Wafadhili nao wana wajibu, na hapa ndipo lawama inapostahili kuwa kubwa zaidi. Ofisi zenye wafanyakazi Warundi wanaosoma Kirundi na Kiswahili kila siku zinadai andiko la Kifaransa kutoka kwa chama cha wauza samaki kwa sababu ndivyo fomu ilivyo. Fomu hubadilishwa na watu. Ofisi ikipokea kurasa sita za Kiswahili na kugharamia tafsiri yenyewe, itatumia fedha kidogo kuliko ile posho ya mshauri, na itasoma kitu ambacho wenye kazi wanakiamini. Zaidi ya hayo, ilipie mikutano: chakula cha mchana, nauli ya waliotoka vilimani, na fidia kidogo kwa mama aliyeacha samaki wake juani ili aje kusema.

Tarafa mpya 42 zinahitaji mipango mipya ya maendeleo, maana ile ya zamani iliandikwa kwa mipaka ambayo haipo tena. Atakayekaa mezani mapema na mambo matatu yaliyo wazi, yenye mahali, gharama na majina, ana nafasi nzuri ya kuyaona yakiingia kwenye mpango wa tarafa. Vyama vya Magara visingoje mshauri wala mwaka mpya wa fedha wa mfadhili. Juma la mbalamwezi lijalo wavuvi watakuwa nchi kavu, na waanikaji watakuwa na mzigo mdogo. Mkutano wa kwanza unaweza kuitishwa hapo.